Mokaya, Mwandishi wa Ndege Waliokufa

Kabla sijasema jingine, niseme wazi kwamba Mokaya Orina hakuwa mtu mkubwa. Hakuwahi kuwa nyapara, hakuwahi kumiliki baiskeli, na siku aliyozikwa hakuna mheshimiwa aliyekuja kutuchosha kwa hotuba. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi kila marehemu husifiwa kwamba alileta uhuru. Mokaya hakuleta uhuru. Alileta ndege waliokufa, kila asubuhi, ndani ya kikapu, na akawaandika vizuri kuliko serikali ilivyotuandika sisi.

Mimi naitwa Otiende. Nilikuwa mpiga dawa katika shamba moja la chai lililo kati ya mji wa Kericho na Kabianga. Jina la shamba silitaji, maana limebadilisha wenyewe mara tatu, na kila anayelichukua husema mambo ya zamani hayamhusu. Mokaya na mimi tulikaa laini moja ya nyumba za wafanyakazi, ukuta wake ndio ukuta wangu. Haya ninayoyasimulia niliyaona kwa macho au niliyasikia kupitia ukuta huo, na haukuwa ukuta mnene.

Alikuja kutoka Kisii mwaka wa hamsini na mbili pamoja na mkewe Nyambeki na binti yao mchanga, Kemunto. Kwao mashamba yalikuwa yamekatwakatwa hivi kwamba mtu akikohoa, amekohoa kwenye mahindi ya kaka yake. Kichwani alikuwa na miaka mitatu ya shule ya misheni na mwandiko mdogo, safi, ambao hakuna aliyeuhitaji. Aliwekwa kuchuma chai. Alikuwa mchumaji mbovu sana, nami nasema hivyo kwa upendo. Wenzake wakijaza vikapu viwili yeye amejaza kimoja, kwa sababu alikuwa anasimama kutazama. Akikuta chiriku amejenga kiota ndani ya mchai, anauruka mchai huo kama nyumba ya mkwe. Nyapara wetu, Bethwel, aliyekuwa Mkipsigis wa hapo hapo na mwoga wa kila aliyevaa kaptula ya kaki, alimtukana asubuhi na jioni bila kufaulu kumbadilisha.

Basi mwaka wa hamsini na sita akaja Bwana Ndege. Jina lake halisi lilikuwa refu na lilianzia puani, kwa hiyo tulimpa hilo. Alikuwa ametumwa na chuo kikuu kimoja cha Uingereza kuchunguza jambo zito: hii dawa mpya inayopuliziwa chai ili kuua wadudu, inawafanya nini ndege? Sisi tisa tulioibeba dawa hiyo mgongoni tuliona ni swali zuri mno. Tulifarijika kwamba hatimaye kuna mtu huko Ulaya aliyekosa usingizi kwa ajili ya njiwa wa Kericho.

Nieleze kidogo kazi yetu, ili msije mkadhani tulipuuzwa. Tulilindwa sana. Kila asubuhi kabla ya kuanza tulipewa kikombe cha maziwa, kwa sababu meneja wetu, tuliyemwita Bwana Kofia, aliamini kwamba maziwa hupaka tumbo rangi na sumu haiwezi kupenya. Mgongoni tulipewa gunia la kuzuia pampu isitukwaruze. Miguuni tulipewa miguu yetu wenyewe. Kwenye madebe ya dawa kulikuwa na picha ya fuvu na mifupa miwili, na Bethwel alipoulizwa alisema hiyo ni alama ya kampuni. Nadhani naye alikuwa ameuliza mahali akajibiwa hivyo.

Kulikuwa na jambo moja ambalo tulijifanyia wenyewe, na hilo siwezi kumsingizia Mzungu. Dawa ile iliacha machicha, na machicha yaliziba tundu la mdomo wa pampu kila baada ya mistari mitatu au minne. Njia ya kulizibua ilikuwa moja: unafungua, unaweka midomoni, unapuliza kwa nguvu, unatema mate, unaendelea. Anayepuliza haraka anamaliza mistari yake haraka. Hodari wa kupuliza kuliko sote alikuwa Nyamwange, mdogo wake Nyambeki, kijana wa miaka kumi na tisa aliyeletwa na dada yake kutoka nyumbani ili apate kazi. Bethwel alimtolea mfano mbele yetu. Alisema tumtazame Nyamwange, yeye haogopi uchungu. Na Nyamwange, kwa kuwa alikuwa na miaka kumi na tisa, akazidi kupuliza.

Bwana Ndege alipoomba mtu anayejua ndege, Bethwel hakufikiri hata kidogo. Alimtoa Mokaya, kama mtu anayempa mgeni jogoo asiyewika. Hivyo ndivyo Mokaya alivyopata kazi aliyoumbiwa. Kazi ilikuwa hivi: asubuhi, baada ya sisi kupita na pampu, yeye anapita nyuma yetu na kikapu, anaokota kila kiumbe chenye manyoya kilichoanguka. Kila kimoja kinaandikiwa karatasi ngumu ndogo, na karatasi inafungwa mguuni kwa uzi. Juu kabisa unaandika namba na aina. Chini yake mahali, saa, hali ya macho, hali ya mdomo, hali ya miguu, na mwisho kama ni mzima au mfu. Kisha vyote vinapelekwa nyumbani kwa Bwana Ndege, vinapangwa juu ya meza ndefu barazani, naye anavihamishia kwenye kitabu kikubwa cha jalada jeusi.

Sisi tulicheka sana. Ilikuwa ni miaka michache tu tangu tuvuliwe shingoni kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, na sasa njiwa anafungwa chake mguuni. Tulimwambia Mokaya awe anawauliza pia kabila na jina la chifu. Yeye hakukasirika. Aliandika. Jioni alimsomea Nyambeki karatasi za siku hiyo kama watu wengine wanavyosoma Zaburi. Njiwa, bloku namba nne, saa mbili na nusu, mate mengi mdomoni, miguu imekakamaa, mfu. Kwale, kando ya mtaro, saa tatu, machozi, mabawa yanatetemeka, mzima, akafa saa tatu na dakika kumi. Nami nyuma ya ukuta nilikuwa nayasikia yote hayo na kugeukia upande mwingine.

Mambo yaliharibika Februari ya mwaka wa hamsini na saba. Jua lilikuwa kali, wadudu wengi, na Bwana Kofia akaamuru dawa ikorogwe nzito zaidi. Jumatatu alasiri Nyamwange alirudi kwa dada yake akitapika. Jasho lilimtoka kama ameogeshwa, mate yakamtiririka asiweze kuyameza, na vidole vikawa vinacheza vyenyewe. Nyambeki alitoka nje kumwita mumewe. Mokaya akaingia, akapiga magoti, akamtazama shemeji yake macho, mdomo na miguu. Kisha nikamsikia.

"Mama Kemunto, hii kitu mimi nimeandika tayari. Karibu mara mia tatu nimeandika."

Nyambeki alimfuta mdogo wake mate. "Basi enda ambia mwenye kitabu," alisema. "Huyu nilimtoa kwa mama mimi mwenyewe. Nikimrudisha ndani ya sanduku, nitasimama wapi?"

Jumanne tulifuata njia za heshima. Nyamwange alipelekwa kwa dresa wa shamba, ambaye alikuwa na dawa tatu: ya malaria, ya kuendesha na ya kuzuia kuendesha. Alimpa ya malaria. Bwana Kofia alipopelekewa habari alijibu kwamba anawajua watu wa Kisii, Jumapili wamekunywa pombe na sasa wanasingizia kazi. Nyamwange alikuwa Msabato. Kanisa lake lilimkataza hata hiyo chai aliyokuwa anaipulizia.

Mokaya alikwenda kwa Bwana Ndege mwenyewe, kofia mkononi. Alimweleza kwamba zile dalili za njiwa, mate, jasho, kutetemeka, sasa ziko kwa shemeji yake. Nisimseme vibaya Bwana Ndege, hakuwa mtu mkatili. Niliwahi kumwona akilia kwa ajili ya bundi. Lakini alikuwa ametoka chuo kikuu, na huko inaonekana kila jicho hupewa kitu kimoja cha kutazama. Alimwambia Mokaya kwamba yeye si daktari, kazi yake ni ndege. Watu wana dispensari yao. Akaongeza kwamba maneno ya laini hayawezi kuingia katika kitabu. Kinachoingia ni kile kilicholetwa mezani, na karatasi yake, imejazwa sawasawa.

Sijui Mokaya aliyasikiaje maneno hayo wakati ule. Najua tu kwamba aliyasikia yote.

Jumatano asubuhi Nyamwange alirudi kazini. Mtu akikosa siku tatu alifutwa, naye tayari alikuwa amekosa moja. Tulimwambia abaki kitandani, akasema amepata nafuu. Alikunywa maziwa yake ya ulinzi, akabeba pampu, akazibua mdomo wake wa kwanza kwa kupuliza. Alifika mstari wa tano. Saa tatu na robo, bloku namba sita, karibu na kitalu cha miche, alianguka pamoja na pampu, na dawa ikamwagika shingoni.

Tulimvua pampu tukamwosha kwa maji ya mtaro. Povu lilimtoka mdomoni na kifua kilikuwa kinakoroma. Bethwel alikuja mbio, akatazama, akasema kwa sauti ndogo kwamba tumlaze chini ya banda mpaka pombe imtoke. Tulimwomba lori. Alisema lori linabeba majani kwenda kiwandani, na majani yakikaa juani yanaharibika. Alisema kweli. Majani ya chai ni kitu laini sana.

Ndipo Mokaya akatokea na kikapu chake, akiwa anapita nyuma yetu kama kila siku. Ndani kulikuwa na chiriku wawili na mbayuwayu. Hakupiga kelele wala hakutukana. Alikaa chini kando ya shemeji yake, akatoa karatasi mfukoni, akalamba penseli. Nilidhani amerukwa na akili. Alimfunua jicho moja kwa kidole gumba, akaandika. Akatazama mdomo, akaandika. Akamshika mguu ukamtetemekea mkononi, akaandika. Kisha akaufunga uzi kwenye kidole kikubwa cha mguu wa kulia, mafundo mawili, kama alivyofundishwa.

"Beba huyu," alituambia. "Tunapeleka mezani."

Tulikuwa wanane. Kuacha pampu katikati ya mistari ilikuwa ni kuacha kazi, na kila mmoja alikuwa na watu waliokula kwa kazi ile. Nakiri kwamba nilimfikiria kwanza mke wangu, halafu unga, halafu ndipo Nyamwange. Lakini mkono ulikuwa umeshashika gunia. Tulitia miti miwili katika magunia yetu ya mgongoni, tukamlaza, wanne wakibeba na wanne wakifuata, kwa zamu, tukapanda kile kilima cha kwenda kwa Bwana Ndege. Bethwel aliita mara moja. Kisha akatugeuzia mgongo, akaanza kuutazama msitu, na akaendelea kuutazama mpaka tulipopotea. Baadaye aliapa kwamba hakuona mtu akiondoka, na kwa kweli hakuona.

Barazani siku hiyo kulikuwa na wageni. Wazee wawili wa chuo kikuu walikuwa wamekuja kukagua kitabu, mmoja mnene na mwingine mwenye masharubu meupe. Bwana Kofia naye alikuwepo, kwa kuwa palikuwa na keki. Walikuwa wanakunywa chai na kusifu jinsi ndege walivyopangwa. Ghafla wakaona wapiga dawa wanane, wamelowa, miguu imejaa matope, wanapanda ngazi. Mokaya aliwasogeza njiwa upande mmoja kwa uangalifu, asiwavunje mabawa, akatuonyesha pa kumlaza. Tulimlaza juu ya meza kati ya njiwa na kwale.

Bwana Kofia alisimama na kutuamuru tuondoe uchafu huo. Mokaya hakumtazama. Alisimama mahali anaposimama kila siku, upande wa kitabu, mikono nyuma. Na hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtu huyu tuliyekuwa tunamcheka alikuwa anamjua bwana wake kuliko bwana alivyojijua. Kwa maana Bwana Ndege, uso ukiwa umemwiva kwa aibu mbele ya wakubwa wake, alifanya kile ambacho mkono wake ulikuwa umefanya mara mia tatu na kumi na moja. Aliishika karatasi ya mguuni akaisoma kwa sauti.

"Namba mia tatu na kumi na mbili," alisoma. "Aina, shemeji." Akaisogeza karatasi karibu na macho. "Mokaya, hapa iko makosa."

"Hakuna makosa, Bwana. Soma mpaka chini."

Akasoma. Bloku namba sita, karibu na kitalu. Saa tatu na robo. Macho, mboni ndogo sana, kama tundu la sindano. Mdomo, mate mengi na povu. Miguu, inatetemeka. Mstari wa mwisho Mokaya aliumalizia mwenyewe.

"Mzima," alisema. "Wale wote nimeletea wewe ni maiti, Bwana. Huyu moja bado."

Yule mzee wa masharubu hakujua Kiswahili hata neno, lakini alikuwa ameshainuka. Alimfunua Nyamwange jicho, kisha la pili, akainusa nguo yake. Alimwambia Bwana Ndege maneno machache makali kwa Kizungu, na Bwana Ndege akatimka ngazi tatu tatu kwenda kuwasha gari. Gari lenyewe lilikuwa la Bwana Kofia, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu. Nyamwange alitapika kwenye kiti cha nyuma njia nzima mpaka Kericho, na Bwana Kofia aliendelea kukiomboleza kiti hicho kwa miezi.

Hospitalini walimdunga sindano kila baada ya dakika chache, adhuhuri mpaka jua likatua. Nyambeki alikaa mlangoni na Kemunto mapajani. Asubuhi ya pili Nyamwange aliomba uji. Nyambeki aliporudi kutueleza hilo alijaribu kusimama wima, akashindwa, akakaa chini hapo hapo njiani akalia. Na mimi nililia, sioni haya kusema.

Mngedhani hadithi imeisha. Lakini Bwana Kofia alikuwa mtu wa hoja. Alhamisi hiyo aliwaeleza wageni kwamba mtu mmoja ameugua, na labda alikuwa dhaifu tangu kuzaliwa, au ameiba dawa akainywa kwa ujinga. Mtu mmoja ni bahati mbaya. Bwana Ndege, ambaye sasa alikuwa anatembea kama mtu aliyepigwa, alimwambia Mokaya jambo hilo hilo kwa huzuni. Alisema chuo kikuu hakiwezi kusema lolote juu ya mmoja. Njiwa mmoja akifa, amekufa njiwa. Lazima wawe wengi.

Mokaya alimshukuru, akaja moja kwa moja kwenye bomba la maji tulipokuwa tunanawa baada ya kazi. Alitupanga mstari sisi wanane. Alitukagua mmoja mmoja bila haraka. Alitwambia tunyooshe vidole, akahesabu vilivyotulia na visivyotulia. Aliuliza nani anaona ukungu jioni, nani anabanwa kifua, nani mate yanamjaa usiku. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na hakuna mtu aliyewahi kunitazama macho kwa muda mrefu hivyo, hata mke wangu. Nilipojibu kwamba nabanwa kifua tangu Krismasi, nilishangaa kusikia sauti yangu ikisema. Sikuwa nimemwambia mtu.

Nilimwona anasita kwenye mstari wa juu wa karatasi yangu. Kisha akaandika: aina, jirani.

Ijumaa asubuhi hatukwenda kuchukua maziwa. Tulikwenda barazani, tukasimama kando ya ile meza, kila mtu na karatasi yake imefungwa kwenye kidole cha mguu. Bwana Kofia aliahidi kutufukuza sote kabla ya saa sita. Kazi ya kumjibu tulikuwa tumeiachia miguu. Bwana Ndege alikuwa ameshika kalamu na mkono haukushuka. Ndipo yule mzee wa masharubu alipovuta kiti, akaichukua kalamu mkononi mwake, akafungua kitabu cheusi, akainama kusoma mguu wa kwanza. Alikwenda kutoka mguu hadi mguu, Bwana Ndege akimtafsiria. Alitanguliza karatasi ya Nyamwange, iliyokuwa imebaki pale mezani, mia tatu na kumi na mbili, akamalizia na mia tatu na ishirini. Mimi ni mia tatu na kumi na sita.

Dawa ile iliondoka mwezi huo huo. Ikaja nyingine iliyokuwa na kizungu kirefu zaidi kwenye debe, pamoja na glavu, na sindano za kuzibulia mdomo wa pampu. Bethwel alitutangazia kwamba atakayeonekana akipuliza kwa mdomo atafutwa. Aliitangaza kwa ukali, kana kwamba ndisi tuliokuwa tumemsifu Nyamwange. Bwana Kofia alikusanya laini zote akaeleza kwamba amekuwa akiyapanga mabadiliko hayo kwa muda mrefu. Tulimpigia makofi, kwa kuwa alikuwa bado anatulipa.

Kazi ya ndege ilikwisha. Bwana Ndege alirudi kwao akiwa amebeba kitabu, na siku ya kuondoka alimpa Mokaya kalamu yake ya wino na barua ya kumtambulisha. Barua ilisema ni mtu mwaminifu, mwenye jicho zuri, lakini wakati mwingine huleta vitu ambavyo hakutumwa. Mokaya alirudi kuchuma chai, akawa mchumaji mbovu kama zamani. Nyamwange alipona, ila mkono wa kulia haukuacha kutetemeka mpaka uzee. Alirudi Kisii akalima pareto. Hilo nalo ni ua la kuua wadudu, lakini angalau hakuna anayekulazimisha kulipuliza.

Mwaka wa hamsini na tisa kifurushi kilifika ofisini kikiwa na jina la Mokaya. Ndani mlikuwa na kitabu chembamba kilichopigwa chapa, kutoka chuo kikuu. Hatukujua Kizungu cha kutosha, tukakipeleka kwa Irungu, mwalimu wa shule ya shamba. Tulikaa kwenye madawati ya watoto: Mokaya, Nyambeki, mimi, na wenzangu watatu tuliokuwa bado pale. Irungu alisoma jalada, akasoma majina ya waandishi. Jina la Mokaya halikuwemo, naye hakuonekana kulitafuta. Alimwomba Irungu aende kwenye hesabu.

Hesabu zilikuwa ukurasa wa mwisho, zimepangwa vizuri. Njiwa, mia moja na arobaini na wawili. Kwale, hamsini na watatu. Chiriku, themanini. Irungu alishuka orodha nzima kwa kidole mpaka bundi, wawili. Chini kabisa, baada ya bundi, kulikuwa na neno moja na tarakimu moja. Alisoma kwa Kizungu, kisha akatutafsiria.

"Wengine, tisa."

Nje watoto walikuwa wanaimba hesabu zao. Nyambeki aliuliza kama jina la ndugu yake liko mahali pengine, labda mbele. Irungu alipekua kurasa zote kwa heshima, akatikisa kichwa. Nilikasirika nikataka kukirarua kitabu kile, na nilikuwa nimeshanyoosha mkono.

Mokaya alikichukua yeye. Alitazama mstari ule wa mwisho kwa karibu, kama alivyokuwa akitazama mdomo wa njiwa.

"Tisa ni sawa," alisema. "Hesabu hawajakosa. Wamekosa aina tu."

Akatoa ile kalamu ya wino. Pembeni mwa neno hilo, kwenye ukingo mweupe wa karatasi, akaanza kuandika. Nyamwange, shemeji. Otiende, jirani. Akaendelea na waliokuwepo na walioondoka, bila kuuliza mtu jina. Ukingo ulikuwa mwembamba, lakini mwandiko wake ulikuwa mdogo, na sote tisa tulienea.